Kitu Chenye Joto Nyuma ya Mshtarii

Shirika la Anga la Maziwa Makuu lilisema litatoa tangazo Alhamisi alasiri, kuhusu jambo lililoonekana angani, kisha likafunga mdomo. Lingewajua watu wa Kwa-Ngeza lisingefanya hivyo. Huku milimani Upare, mtu akisema ana neno lakini atalisema keshokutwa, wenzake watalisema leo kwa niaba yake.

Jumanne asubuhi, kwenye birika la kuoshea tangawizi, hapakuwa na mazungumzo mengine. Ukungu ulikuwa bado umeshikwa na nyavu ndefu za kuvunia maji juu ya kilima, matone yakishuka kwenye mabomba mpaka birikani, na wanawake walikuwa wamelizunguka birika wakisugua tangawizi kwa brashi. Bibi Nambike alisimama upande wa jua, kama siku zote. Hakuna aliyewahi kutamka kwamba upande ule ni wake. Waliuacha wazi tu, tangu goti lake lilipoanza kumsumbua. Yeye alishaona, akanyamaza, na kila msimu akawa wa kwanza kuwaletea uji wenzake.

"Ni watu," alisema Mzee Sempombe, fundi wa vipanga, vile vyombo vidogo vya kuruka vinavyoshusha magunia ya tangawizi mpaka barabarani. Alikuwa ameinamia kimoja, akikaza bawa. "Wameona watu wa huko. Ndiyo maana wanaogopa kusema."

"Watu gani?" akauliza Mama Nanzia.

"Wa huko."

"Wana meno?"

"Sasa mimi nitajuaje kama wana meno?"

"Nauliza kwa vile wewe huna. Labda ni ndugu zako."

Wakacheka, na Mzee Sempombe akacheka nao, akiuonyesha ufizi wake wote bila aibu.

"Cheka," alisema. "Baba yake bwana harusi wa Jumamosi hacheki. Amesema hachinji ng'ombe mpaka Ijumaa, kwanza aone kama dunia ipo."

"Kama dunia haipo si ndiyo angemchinja leo tumle?"

Namsifu, mjukuu wa Bibi Nambike, alikuwa likizo kutoka chuoni. Alikausha mikono kwenye sketi yake. "Kuna mtu aliyeacha kazi pale Shirikani," alisema. "Anasema kimeonekana kitu kidogo nyuma ya sayari ya Mshtarii, na kina joto."

"Joto la namna gani?"

"Dogo tu. Kama maji ya mtungini. Lakini mawe ya huko yote yamepita barafu kwa ubaridi. Kitu kikiwa na joto mahali kama pale, basi kuna kinachokipa joto."

Brashi zilisimama kidogo. Mama Nanzia alimtupia jicho Bibi Nambike, ambaye alikuwa ameinama zaidi kuliko kazi ilivyotaka.

"Haya, tumeenda mbali," alisema Mama Nanzia. "Turudi kwenye ng'ombe. Kwani ni dume au jike?"

Bibi Nambike alimshukuru moyoni. Ilikuwa hivyo miaka yote. Mbele yake watu hawakuongea sana habari za juu, kwa sababu mwanawe, Eliatosha, alikwenda huko na hakurudi.

*

Aliporudi nyumbani na Namsifu, aliona kutoka mbali kwamba uwanja wake umefagiwa.

Yeye hakuwa amefagia. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, na jikoni aliacha majivu matupu. Kwenye benchi walikuwa wameketi wanawake wanne, kila mmoja amejifunga kanga kiunoni. Redio yake, ambayo hukaa dirishani mwaka mzima, haikuwepo.

Bibi Nambike alisimama. Alikuwa mzee wa kutosha kujua maana ya mambo yale yakikaa pamoja. Msiba huku haupigiwi simu. Watu hutangulia kuja, wakafagia, wakabandika sufuria kubwa, wakaficha redio isije ikatangaza kabla yao, na ndipo mwenye msiba hupokewa mzigo na kuambiwa akae. Alimshika Namsifu mkono. Huyu yupo. Akawapitia wengine kichwani, mmoja mmoja: mdogo wake aliyeko Mwanga, mkwewe Penina, watoto wadogo wa Penina.

Jirani yake, Mama Kisaka, alikuja akampokea kapu. "Karibu ukae, dada."

"Ni nani?"

"Kaa kwanza."

"Mama Kisaka, nitakaa ukishaniambia. Ni nani?"

Mama Kisaka alitazama kapu lile. "Ni Atosha."

"Atosha gani?"

"Atosha wako."

Bibi Nambike hakuelewa. Alimtazama jirani yake, akawatazama wale wanawake wengine, wote wakatazama chini. "Atosha alishakufa," alisema. "Tulimlilia hapa hapa. Tulizika koti lake. Wewe ndiye uliyepika maharage."

"Ndiyo, dada. Nilipika mimi." Mama Kisaka mwenyewe alionekana kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. "Mtendaji wa kata ameletewa ujumbe na Shirika la Anga. Wamesema familia ya Eliatosha Mchomvu ikusanyike, kuna daktari anakuja na habari, na msiachwe mkaisikia peke yenu. Sasa sisi tungefanya nini? Tumefikiri labda wameupata mwili. Mwili ukipatikana si ni msiba tena?"

Hakuna aliyejua kama msiba uliokwishaliliwa unaliliwa mara ya pili. Lakini walikuja, mmoja na kuni, mmoja na sukari, na Bibi Nambike aliona kwamba ile kanga iliyotandikwa kwenye kiti chake ilikuwa mpya, na ilikuwa ya Mama Kisaka.

Penina, aliyekuwa mke wa Eliatosha, alifika kwa pikipiki, nyuma ya mume wake wa sasa, Mwalimu Mfinanga. Alimpigia magoti mama mkwe wake kama zamani. Mwalimu aliamkia kwa mbali, kisha akaona shoka karibu na banda, akaenda kupasua kuni. Hakuingia ndani. Alijua kwamba siku hiyo jina litakalotajwa si lake.

*

Dokta Kerubo alikuwa mwanamke wa makamo, Mkenya, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyesafiri bila kulala. Alivua viatu mlangoni ingawa aliambiwa asivue. Alipewa kiti, akakaa chini mkekani, usawa wa magoti ya Bibi Nambike.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa maji kwanza."

Alikunywa glasi yote. Akaishikilia tupu kwa mikono miwili. Bibi Nambike akawaza, huyu anaogopa kuliko sisi.

"Mama, mimi nilifanya kazi na Eliatosha. Ni mimi niliyefunga kifuniko cha kitanda chake siku anawekwa usingizini."

"Mmeupata mwili wake?"

"Hapana, Mama. Hatujaupata mwili." Dokta Kerubo aliiweka glasi chini. "Tumempata yeye. Yuko hai. Amelala."

Penina aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama, kama nguo iliyoanguka kambani. Namsifu alisema "Nani?" kwa sauti ndogo, akarudia, "Nani amelala?" Nje, shoka lilisimama. Mama Kisaka aliinuka akaenda jikoni kuzima moto, akarudi mpaka mlangoni, kisha akageuka kwenda kuuwasha tena, kwa maana hakujua sasa anapika cha nini.

Bibi Nambike alijikuta anaikunja ncha ya ile kanga mpya. Anaikunja, anaikunjua.

"Unakumbuka walilazwa?" Dokta aliuliza taratibu.

Alikumbuka. Safari ya Mshtarii ilikuwa ya miaka, na hakuna chombo kingeweza kubeba chakula cha watu wanne kwa miaka yote hiyo. Kwa hiyo walilazwa kwenye vitanda vya baridi, vyenye vifuniko, damu ikapozwa kidogo kidogo mpaka mwili ukasahau njaa na ukasahau kuzeeka. Eliatosha alilazwa kabla chombo hakijaruka. Penina alikuwa hajajua bado kwamba amembebea mimba, ya Namsifu. Kisha, wakiwa katikati ya njia, wote wanne wamelala, jiwe likapiga chombo chao, na Shirika likaleta wimbo wa taifa, bendera na rambirambi.

"Vile vitanda vilitengenezwa viweze kujitenga chombo kikivunjika," Dokta alisema. "Kila kimoja kina moto wake mdogo wa madini, wa kuulinda mwili usigande kabisa. Tulivitafuta, Mama, na tulitafuta mahali ambapo havikuwepo. Vingine vitatu hatujaviona mpaka leo. Hiki kimekuwa kikilizunguka jua kimya kimya miaka yote hii. Mwaka huu kimepita karibu na Mshtarii, na ile sayari ikakivuta na kukirusha nje. Ndipo darubini yetu ikaona kitu chenye joto."

"Kile cha Alhamisi," alisema Namsifu.

"Ndicho."

"Watu wanabishana kama kina meno," alisema Namsifu, akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na Mama Kisaka akaja akamshika mabega kwa nyuma.

Dokta alitoa mfukoni kifaa kidogo, kikubwa kama kiberiti, akakiweka kwenye kiganja cha Bibi Nambike na kukifunga vidole juu yake. "Tangu tulipokiita kwa redio, kitanda kinatuma mapigo yake. Yanachelewa kutufikia karibu saa nzima, kwa sababu ya umbali. Subiri."

Alisubiri. Kifaa kikagonga kiganja chake mara moja, laini, kama kifaranga ndani ya yai. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu, na Bibi akadhani basi, ni mimi nimemwua kwa kumshika vibaya. Kati ya pigo lile na lililofuata ungeweza kumenya kiazi chote. Kikagonga tena.

"Anarudi lini?" aliuliza.

Hapo ndipo Dokta Kerubo aliinamisha uso.

*

Alieleza kwa maneno mepesi, na hakuficha. Kitanda kilikuwa kinatoka nje ya himaya ya jua kwa kasi ambayo hakuna chombo cha binadamu kingeikamata. Moto wake wa madini ulikuwa unafifia. Ukizimika, labda mwakani, Eliatosha angekufa usingizini bila kujua lolote. Au angeweza kuamshwa sasa, kwa amri ya redio, kabla hajafika mbali na amri isisikike. Angeamka na akili yake timamu na umri wake ule ule wa miaka ishirini na tisa. Hewa na maji ya kitandani vingemtosha siku chache, pengine wiki na kitu. Dawa ya kumrudisha kwenye usingizi ule haikuwepo, ilikuwa ya mara moja tu. Mwishoni kitanda kingempa dawa nyingine, asisikie maumivu.

"Kwa hiyo kumwamsha ni kumwua," alisema Penina.

"Ni kumpa siku hizo akiwa macho," alisema Dokta, "na kumnyima mwaka mmoja wa usingizi. Sijui jina la jambo hilo, Penina. Nimelitafuta njia nzima."

"Yeye mwenyewe alisema nini? Hamkumwuliza kabla?"

"Hatukuwauliza. Tulipanga kila kitu, chakula, dawa, bendera. Hilo hakuna aliyelifikiria." Aliyasema hayo akimtazama Bibi Nambike, si sakafu. "Sheria yetu inasema aamue mama na mtoto aliyekomaa. Na muamue kabla ya tangazo. Nimewaomba wakubwa wangu siku hizi mbili kwa nguvu zote. Baada ya Alhamisi kila mtu duniani atakuwa na kauli juu yake, na ninyi hamtasikilizana humu ndani."

Nyuma ya dirisha ilionekana kofia ya Mzee Sempombe, aliyekuja na wengine na kusimama uwanjani. "Nilisema ni watu," alimnong'oneza mtu, na safari hii hakukuwa na utani ndani yake. "Kumbe ni wa kwetu."

Bibi Nambike aliongea baada ya mapigo mawili ya kile kifaa.

"Sisi huku," alimwambia Dokta, "mtu akiwa safarini hapewi habari mbaya. Hata kama ni mama yake aliyekufa. Anaachwa asafiri na moyo wake mzima, afike, apewe maji, akae katikati ya watu, ndipo aambiwe. Kumwambia mtu njiani ni ukatili. Mwacheni mwanangu alale."

Wanawake waliitikia kwa koo. Penina alifunga macho, machozi yakamshuka, na usoni mwake palikuwa na huzuni na pia kitu kama nafuu. Dokta Kerubo aliitikia kwa kichwa. Ingeishia hapo.

"Bibi," alisema Namsifu. "Sisemi aamshwe. Simjui, na sitaki mtu aamshwe afe ili mimi nimsikie sauti. Nauliza tu. Mtu wa safarini anangojwa afike. Huyu atafika wapi?"

Bibi Nambike alinyanyuka, akakataa kushikwa, akatoka na kifaa chake mkononi mpaka nyuma ya nyumba, kwenye matuta ya tangawizi. Jua lilikuwa la mchana mkali. Penina alimfuata, akasimama hatua chache nyuma.

"Penina, unajua kwa nini Atosha hakuwa anakunywa soda ya machungwa?"

"Alisema inamchafua tumbo."

"Haikuwa tumbo. Baba yake alipofariki, Atosha alikuwa shule ya bweni Tabora. Baba yake mdogo, Sangiwa, alikwenda kumchukua. Hakumwambia kitu. Alimwambia tunakwenda harusini. Kila basi liliposimama alimnunulia soda. Sangiwa alikuwa mtu mwema, Penina, hela ile hakuwa nayo, na moyo wake ulikuwa unavuja damu njia nzima. Mtoto akaja anaimba. Akaingia uwanja huu anaimba, akaona watu."

Kifaa kiligonga.

"Alishakuwa mtu mzima, ana ndevu, ndipo siku moja akaniambia. Hakuwa na hasira. Alisema, Mama, basi zima lilikuwa linajua. Kondakta alijua. Yule mama aliyenipa ndizi alijua, ndiyo maana alinipa. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa naimba." Bibi Nambike alijifuta pua kwa mkono wa gauni. "Alhamisi dunia nzima itajua. Mtoto wa China atajua. Watamwonea huruma, watamwombea, watamtungia nyimbo. Yeye peke yake ndiye hatajua."

"Ataogopa, Mama."

"Ataogopa. Nami nitakuwa namsikia anavyoogopa, na mkono wangu haufiki."

Penina alilia waziwazi sasa. "Ataniuliza. Akiamka ataniuliza, mke wangu yuko wapi. Kwake yeye alinibusu juzi. Nitamwambia nini? Mwalimu yuko pale anapasua kuni."

"Utamwambia ulivaa nyeusi mpaka mimi mwenyewe nikakuvua. Utamwambia aliyekuoa ni mtu ambaye leo amekuleta kwa pikipiki yake uje umsikie mumeo wa kwanza, na hajauliza utarudi saa ngapi. Ukishindwa, nitamwambia mimi."

Kutoka upande wa banda shoka lilisikika tena. Zile kuni zilishapita za msiba mmoja. Zilitosha misiba mitatu.

Waliporudi ndani, Bibi Nambike hakumtazama Dokta kwanza. Alimtazama mjukuu wake. "Mimi nasema aamshwe, aambiwe kweli, na tukae naye mpaka mwisho, hata siku moja asiachwe peke yake. Lakini sheria imesema wawili. Ukikataa, nitanyamaza, na sitakulaumu mpaka nakufa."

Namsifu alikichukua kile kifaa kutoka kwa bibi yake, akakishika sikioni, akasikiliza pigo moja, kimya chake chote, na pigo la pili.

"Aamshwe," alisema.

*

Kumwamsha kulichukua siku nzima, kwa sababu damu haipashwi moto kama chai. Jumatano wale wanawake hawakwenda birikani, na tangawizi ya Kwa-Ngeza ikakaa na udongo wake. Hakuna hata mmoja wao aliyetoboa siri. Kijiji ambacho kingekuambia mchuzi wa jirani una chumvi kiasi gani kilikaa na habari kubwa kuliko zote duniani, kikafunga mdomo kwa sababu ya Bibi Nambike. Alipolifikiria hilo baadaye, lilimshangaza karibu sawa na mengine yote.

Kile kifaa kilianza kugonga haraka zaidi. Ungeweza kumenya nusu kiazi. Kisha kipande tu. Alfajiri ya Alhamisi kilikuwa kinagonga kama moyo wa mtu yeyote aliyepanda mlima wa Kwa-Ngeza, na Bibi Nambike alikivua shingoni alipokuwa amekifunga kwa uzi, maana alikuwa hawezi tena kuutofautisha moyo ule na wake.

Dokta Kerubo aliweka kinasa sauti mezani. Kilikuwa kidogo, na aliweka kitambaa chini yake kisikwaruze meza. "Akifungua macho, cha kwanza atakachosikia ni wewe," alisema. "Maneno yako yatachukua karibu saa nzima kufika, na yake vivyo hivyo kurudi. Sema utakavyo."

Bibi Nambike alivaa gauni la kanisani. Aliketi, akakisogelea kile kinasa kama anavyosogelewa mtu mgonjwa.

"Atosha. Ni mama. Umeamka salama? Usinyanyuke upesi. Pembeni yako kuna maji, wamesema yapo upande wa kulia, kunywa kwanza. Kunywa taratibu. Mimi nipo nyumbani, nimekaa kwenye kiti cha baba yako, na ndugu zako wapo. Hujafanya kosa lolote. Nina habari za kukupa, nyingine ngumu sana, na zote nitakupa, sitakuficha hata moja. Ukishakunywa maji niambie, nianze."

Dokta alibonyeza, na sauti ikaondoka.

Hakuna aliyetoka chumbani. Mama Kisaka aligawa chai, hakuna aliyeinywa. Mwalimu Mfinanga alikuja mpaka mlangoni akamkabidhi Penina sweta, akarudi nje. Penina alivaa sweta, akakaa amelikumbatia. Jua lilipanda, ukungu ukaachia nyavu, na chini barabarani gari la kwanza la waandishi wa habari, walionusa jambo kutoka Shirikani, lilisikika likikosa njia na kuuliza. Hakuna aliyelielekeza.

Kisha kinasa kikapumua.

Ilikuwa pumzi ya mtu, nzito, yenye mikwaruzo. Ikakohoa. Ikasikika ikimeza maji, mara moja, mara mbili. Halafu sauti ya kijana, ambayo Bibi Nambike aliamini ameshaisahau na kumbe hakuisahau hata kidogo, ikasema:

"Nimekunywa, Mama."

Ukafuata mvumo wa umbali.

"Mama, mbona sauti yako imezeeka hivyo?"

Penina aliziba mdomo kwa mikono miwili. Bibi Nambike alifungua wake ajibu. Alikuwa ameyapanga yote tangu juzi, ya jiwe, ya miaka, ya koti walilozika, ya kitanda kisicho na njia ya kurudi, na alikuwa ameyapanga kwa utaratibu, jepesi kabla ya zito. Lakini swali lile lilikuwa la miaka, na jibu la ile miaka lilikuwa limesimama nyuma ya kiti chake, refu, lenye mabega ya baba yake, likipumua kwa shida.

Alinyanyuka. Alimshika Namsifu mkono akamkalisha pale kwenye kiti, mbele ya kile kitu kidogo juu ya kitambaa, akabaki amemwekea viganja mabegani.

"Anza wewe," alisema. "Yaliyobaki nitamwambia mimi."

Namsifu alilowesha midomo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na mtu aliyekuwa akimsubiri kule gizani alikuwa amemzidi miaka kumi na mmoja tu.

"Shikamoo, Baba," alisema.

Dokta Kerubo alibonyeza, na salamu ikaanza safari yake.